Kutu ndani ya tangi la pikipiki ya zamani: ndimu ya unga, molasi, umeme au asidi?

Pikipiki ya zamani inawaka vizuri asubuhi, ikishika mwendo inakata mafuta na kuzima. Ukisubiri dakika tano inawaka tena kama haikuwa na neno. Kabla hujabadilisha plagi na koili, fungua bakuli la kabureta. Ukikuta unga wa rangi ya matofali umetulia chini, tatizo liko juu zaidi, ndani ya tangi. Tundu la jeti ya mwendo mdogo kwenye mashine nyingi za cc 100 hadi 125 halifiki nusu milimita, na chembe moja ya kutu inatosha kuliziba. Anayesafisha kabureta akaacha tangi kama lilivyo atairudia kazi hiyo wiki ijayo.

Hapa Tanga kutu haihitaji kubembelezwa. Hewa ya Raskazone au Mwambani ina chumvi. Unyevu wa usiku unaingia kwenye tundu la kupumulia la kifuniko, unakutana na bati lililopoa na kugeuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanashuka na kukaa chini. Tangi la pikipiki limelalia fremu kama tandiko la punda: lina mabonde mawili, kushoto na kulia, na kwenye mashine nyingi koki iko bonde moja tu. Bonde lisilo na koki halimwagi maji yake, na ndilo linalooza kwanza. Tangi lililoachwa na mafuta nusu kwa miaka huwa na kutu za namna mbili: juu ya usawa wa mafuta kutu ya unga, chini kwenye maji kutu ya magamba. Hizi mbili hazitibiwi kwa nguvu sawa.

Lichunguze kwanza

Mwaga petroli yote. Ng'oa koki, kifuniko na geji kama ipo, kisha acha tangi wazi kivulini penye upepo siku nzima. Mulika kwa tochi. Kibiriti na mshumaa hapana: mvuke wa petroli ni mzito na unabaki ndani hata tangi likionekana kavu.

Funga kitambaa cheupe kwenye waya, ukisugue ndani. Wekundu unaofutika ni kutu ya unga, kazi ya siku moja. Vipande vinavyobanduka na kuvutwa na sumaku ni magamba. Ukikuta utando wa kahawia unaonata na kunuka kama vanishi, hiyo si kutu. Ni petroli iliyochacha, na asidi yoyote utakayomimina itapita juu yake bila kugusa chuma. Utando huo unatolewa kwa thina au asetoni, nusu lita, ukitikisa na kuacha dakika 20, mara mbili au tatu.

Halafu bonyeza mshono wa chini kwa dole gumba na uugonge taratibu kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Lililoisha hutoa sauti iliyokufa na kuingia ndani. Watu wengi hulaumu dawa kwamba imetoboa tangi, kumbe tundu lilikuwepo siku nyingi na kutu ndiyo iliyokuwa imeliziba. Kama bati linabonyea, tafuta fundi wa kulehemu kabla ya kutafuta dawa.

Jambo la mwisho la kuangalia ni rangi ya sehemu zisizo na kutu. Baadhi ya matangi ya zamani yalipakwa ndani zinki, au mchanganyiko wa risasi na stani. Ukiona maeneo makubwa ya kijivu yenye mng'ao yaliyo salama, asidi itayala hayo pia na kuacha chuma kitupu. Tangi la namna hiyo litosheke na mnyororo na sabuni, au dawa isiyo na asidi kali, mfano Evapo-Rust, ukiipata.

Njia zote zinazofuata zinataka tangi lisilo na mafuta ndani. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, vijiko 4 vya chakula kwa lita 10, mara mbili au tatu. Maji yakitandaa ukutani bila kujikusanya matone, mafuta yametoka.

Zote kwa pamoja

Vipimo ni vya tangi la lita 10. Ukiwa na la lita 4, mfano wa Honda C70, gawa ipasavyo.

| Njia | Kiasi | Muda | Inafaa wapi | Inaharibu wapi |
|---|---|---|---|---|
| Mnyororo na sabuni | Mita 1 hadi 1.5 ya mnyororo mwepesi, maji lita 1 | Saa 1 hadi 2 za kutikisa | Magamba, kabla ya dawa nyingine | Haifiki kwenye pembe na mishono |
| Siki nyeupe | Lita 10, bila maji | Siku 2 hadi 4 | Kutu ya unga | Zinki, gharama |
| Ndimu ya unga | Gramu 600 | Saa 8 hadi 24 | Kutu ya unga, magamba ya wastani | Zinki. Ikisahauliwa hula chuma |
| Molasi | Lita 1 kwa maji lita 9 | Wiki 2 hadi 3 | Kutu nzito, mwenye subira | Alumini, zinki, harufu |
| Umeme | Gramu 50 za magadi soda yaliyokaangwa (tazama Umeme, chini), chaja ya V 12 | Saa 12 hadi 48 | Magamba, bati jembamba | Nondo ikigusa tangi, gesi |
| Asidi ya fosforiki | Lita 2 hadi 3 ya asilimia 10 hadi 15, ukigeuza tangi | Saa 1 hadi 4 | Kutu ya unga, tangi litakalokaa bila mafuta | Rangi, bei |
| Asidi ya betri au ya choo | – | Dakika 15 hadi 30 | Popote usipolipenda tangi | Kila mahali |

Mnyororo

Kokoto, misumari, nati na boliti vyote vinakwangua, ila mnyororo una faida moja kubwa: unaingia mmoja na kutoka mmoja. Nati zinabaki zimejificha nyuma ya mdomo wa shingo, nawe hujui mpaka siku moja unasikia mlio ukipinda kona. Ukilazimika kutumia nati, zihesabu kabla na baada. Mchanga wa pwani usiuingize kabisa. Una chumvi, na chembe zake huingia kwenye mshono na kutoka moja moja mpaka kwenye kabureta.

Mimina maji lita moja na sabuni kidogo, ingiza mnyororo, ziba shingo, kisha tikisa tangi kwa kila upande: dakika kumi likiwa limelala kushoto, kumi kulia, kumi kichwa chini. Kazi inachosha mabega. Mwenye rafiki mwenye mashine ya kuchanganyia zege anaweza kulifunga tangi kwa mablanketi mazito, alibane ndani kwa godoro na kuizungusha polepole. Nje halitapata mkwaruzo likibanwa vizuri.

Mnyororo peke yake hautoshi. Unaondoa kilicholegea na kung'arisha kilicho mbele yake, lakini kutu iliyo kwenye vijishimo vya bati inabaki. Uuhesabu kama hatua ya kwanza ya njia nyingine: gamba ukilivunja kwa mnyororo, asidi haipotezi nguvu kulila.

Ndimu ya unga, na kwa nini si siki

Ndimu ya unga inayouzwa kwenye maduka ya viungo kwa ajili ya sharbati na achari ni asidi ya sitriki. Siki nyeupe ni asidi ya siki, kwa kawaida asilimia 5. Maana yake lita 10 za siki zina karibu gramu 500 za asidi. Zilizobaki ni maji uliyoyanunua kwa chupa. Gramu 600 za ndimu ya unga zinakupa nguvu isiyopungua hiyo kwa mfuko unaoingia kiganjani, na bado asidi ya sitriki ina tabia ambayo siki haina kwa kiwango hicho: inaishika chembe ya chuma iliyoyeyuka na kuizuia isitulie tena ukutani. Siki inafanya kazi, hilo halina ubishi, ila polepole na kwa bei zaidi. Wapo wanaoiongezea chumvi ili iharakishe. Ni kweli inaharakisha, lakini umeipeleka kwenye mshono chumvi ileile uliyokuwa unaikimbia.

Ndimu zenyewe je? Maji ya ndimu yana asidi ya sitriki karibu gramu 50 kwa lita, kwa hiyo nguvu ipo. Lakini lita 10 ni mamia ya ndimu, na sukari na nyama zake zinabaki kwenye pembe. Machungwa ya Muheza asidi yake ni ndogo mno. Hayo ni ya kula.

Utaratibu ni huu. Ziba tundu la koki kwa kipande cha bati cha mm 3 na mpira uliokatwa kwenye tyubu, ukitumia boliti zilezile za koki. Kama tangi lina mrija unaounganisha mabonde mawili kwa chini, unganisha vichomozo vyote viwili kwa bomba fupi la petroli badala ya kuviziba. Hapo dawa itapita na humo. Paka grisi nene kuzunguka shingo na mahali popote tone linapoweza kupita, maana asidi inafifisha rangi ya zamani na kuacha mstari usiofutika.

Koroga gramu 600 katika ndoo ya plastiki kwa maji yenye joto la nyuzi 50 hadi 60, ambayo mkono hauyavumilii zaidi ya sekunde chache. Mimina mpaka shingoni. Tangi likijazwa nusu, sehemu ya juu itabaki na kutu, na kwenye usawa wa maji utapata mstari uliochimbika. Kifuniko kiwe kimelegea: vipovu unavyoviona ni haidrojeni, na vikifungiwa vinajaza tangi shinikizo. Sigara na jiko la mkaa viwe mbali.

Saa ya kwanza maji yanageuka manjano yenye ukijani, baadaye yanatia weusi. Tikisa kila saa. Acha tangi juani, kwa kuwa joto linapunguza muda karibu nusu. Vipovu vikiisha na kutu bado ipo, dawa imechoka. Mwaga na utengeneze nyingine yenye gramu 400 kuliko kuiacha hiyo siku tatu. Bati likiwa la kijivu hafifu kote, simama. Kosa la kawaida ni kulisahau: baada ya kutu kuisha asidi haina kingine cha kula isipokuwa chuma kizima, na dawa iliyojaa chuma huanza kuacha tope la manjano ambalo nalo linataka mnyororo.

Molasi

Molasi wanayowauzia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa inatoa kutu, na inaitoa vizuri. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, jaza, subiri. Inashika chuma kilichooksidika na kukiachia kilicho kizima, ndiyo maana wanaotengeneza magari ya zamani huiamini kwa vyuma vizito. Tatizo ni wiki mbili hadi tatu za kungoja katika joto la Tanga: inachacha, inatoa povu shingoni, inavuta nzi na sisimizi, na majirani wataanza kuuliza. Acha nafasi ya vidole viwili juu ili povu lisimwagike kwenye rangi, na kila siku tatu utikise. Kifuniko na koki vya aloi visiingie humo. Zinki na alumini vinaliwa.

Kwa tangi la pikipiki, ambalo bati lake ni jembamba na kutu yake haina unene wa kutisha, molasi ni subira isiyo ya lazima. Inastahili pale ambapo pikipiki haitatembea kabla ya miezi miwili na hutaki kushika asidi wala umeme.

Umeme

Hii ndiyo njia ya upole zaidi kwa bati na ya adabu zaidi kwa fundi. Umeme unapita kwenye maji yenye soda kutoka kwenye nondo hadi kwenye tangi. Kutu inalegea na sehemu yake kugeuka unga mweusi, na chuma kizima hakiguswi hata ukilala ukaamka.

Kila kitu kinategemea vitu vitatu. Cha kwanza ni soda. Magadi ya mawe kutoka Ziwa Natron yana chumvi ndani yake, na chumvi kwenye umeme inatoa klorini na kuchimba bati. Chukua magadi soda ya paketi, gramu 80, uikaange kwenye kikaango cha chuma kwa moto wa wastani ukikoroga, dakika 30 hadi 40. Inatokota yenyewe kwa sababu inatoa gesi na mvuke. Ikiiva, gramu 80 zinabaki kama 50; ukipima na uzito haujashuka, endelea. Gramu hizo 50 zinatosha lita 10 za maji ya bomba au ya mvua. Maji ya kisima cha pwani yaache.

Cha pili ni nondo. Tumia ya mm 8 au 10 ya kawaida, iliyosafishwa kwa msasa. Chuma cha pua usikitumie kamwe: kromiamu yake inaingia kwenye maji ikiwa sumu kali. Pitisha nondo katikati ya kifuniko cha plastiki kilichotobolewa matundu ya kutolea gesi, na ncha ya chini uivalishe kipande cha bomba la plastiki ili isiguse bati. Ikigusa, chaja inaungua au waya unayeyuka.

Cha tatu ni nyaya. Chanya kwenye nondo, hasi kwenye tangi, mahali ulipokwangua rangi kidogo chini ambapo hapaonekani. Ukigeuza, tangi ndilo litakaloliwa badala ya nondo. Andika kwa chokaa kabla ya kuwasha. Chaja ya zamani ya betri ya gari inafaa. Za kisasa zinazojipima zinakataa kuanza mpaka zione betri, kwa hiyo ziunganishe na betri ya V 12 sambamba. Ampea 2 hadi 4 zinatosha. Ikipanda kupita hapo, punguza soda au inua nondo.

Umeme unapiga ulipoona njia iliyonyooka. Nondo iliyosimama wima shingoni itasafisha katikati na kuacha mabonde. Pinda nondo ielekee bonde la kushoto kwa saa kadhaa, kisha la kulia. Kila baada ya saa 4 hadi 6 zima, toa nondo iliyojaa tope la rangi ya kutu, ikwangue, irudishe. Umeme ukikatika katikati ya usiku hakuna kinachoharibika. Kazi inaendelea ukirudi. Fanyia nje, na zima chaja kabla ya kuchomoa kibanio chochote, kwa kuwa haidrojeni na oksijeni vinavyotoka shingoni vinataka cheche moja tu.

Mwishoni utakuta ukungu mweusi ukutani. Utoe kwa mnyororo na sabuni dakika 15.

Fosforiki, na ile ya betri

Asidi ya fosforiki ndiyo iliyomo kwenye dawa nyingi za kugeuza kutu zinazouzwa kwenye maduka ya rangi. Uzuri wake haupo kwenye kasi. Upo kwenye ngozi ya kijivu ya fosfati inayoiacha kwenye chuma, ambayo inachelewesha kutu mpya kwa siku au wiki. Haihitaji kujaza tangi. Lita 2 au 3 zinatosha ukiligeuza kila dakika 20, hakikisha tu hakuna dimbwi linalokaukia ndani, maana linaacha ute mweupe unaonata. Fuata kipimo cha kopo, kwa kuwa nguvu zinatofautiana.

Soda za kola nazo zina asidi hii, na ushauri wa kumimina kreti nzima haufi. Asidi iliyomo ni chini ya gramu 1 kwa lita, na sukari ni karibu gramu 100. Unapaka tangi sharubati.

Asidi ya betri ni asidi ya sulfuriki, karibu theluthi moja ya uzito wake. Ya kusafishia choo mara nyingi ni ya haidrokloriki. Zote zinatoa kutu mbele ya macho yako, ndiyo sababu zinapendwa pembeni mwa barabara. Haziachi kutu pekee: zinaendelea na bati, zinaingia kwenye mshono uliolehemiwa, na ile ya choo inaacha kloraidi kwenye vijishimo ambayo haitoki kwa suuza mbili wala tano. Tangi linang'aa Jumatatu, Ijumaa ni jekundu kuliko mwanzo. Kromiamu ya ubavuni kwenye matangi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960 inaharibika kwa mvuke peke yake. Hakuna tangi la pikipiki ya zamani linalohitaji njia hii.

Kwa hiyo uchukue ipi

Kutu ya unga na bati gumu: ndimu ya unga, moja kwa moja. Magamba lakini bati bado linalia: mnyororo kwanza, kisha ndimu ya unga mara mbili, ya pili pungufu. Magamba na bati unaloshuku: umeme, kwa kuwa ndio hauli chuma kilichobaki. Pikipiki ambayo utaitengeneza polepole na tangi litakaa tupu wiki kadhaa: malizia na fosforiki hata kama kutu umeitoa kwa ndimu.

Tangi la alumini halina kutu ya namna hii. Usilitie soda, asidi ya choo wala umeme.

Saa moja baada ya kumwaga

Ubishi mwingi wa mafundi uko kwenye dawa, lakini matangi mengi yanaharibikia hapa. Chuma kilichotoka kwenye asidi ni kitupu kabisa, na kwa unyevu wa pwani kinaanza kugeuka rangi ya chungwa ndani ya dakika. Yote yafuatayo yawe tayari mezani kabla hujafungua tundu la koki, na uanze saa 4 asubuhi siku ya jua, si jioni. Kaskazi ni rafiki. Katikati ya masika ni afadhali uahirishe.

Mwaga dawa, suuza mara moja kwa maji ya bomba au ya mvua. Papo hapo mimina lita 3 za maji yenye vijiko 6 vya magadi soda. Itatoa povu kwa nguvu, usizibe. Tikisa mpaka povu life, mwaga. Suuza ya mwisho iwe maji ya moto yenye kijiko kimoja cha chai cha soda iliyokaangwa kwa lita 10: maji ya namna hiyo huzuia kutu mpya, na moto wake unaacha bati lenye joto linalojikausha. Suuza ya mwisho kwa maji matupu ya baridi ndiyo inayorudisha wekundu. Aliyetumia umeme hana asidi ya kuua. Aende moja kwa moja kwenye maji ya moto. Aliyetumia fosforiki afuate kopo lake, asije akaitoa ngozi aliyoilipia.

Sasa spiriti, nusu lita. Tikisa, geuza, mwaga, rudia kwa nyingine. Spiriti inachukua maji yaliyobaki kwenye mshono ambako kitambaa hakifiki. Baada ya hapo ni upepo mtupu, bila kitu cha moto: mashine ya kukausha nywele juu ya mvuke wa spiriti inawaka. Kompresa ya fundi pancha inafaa, lakini fungua kwanza koki ya chini ya mtungi wake utoe maji, la sivyo unapulizia tangi unyevu uleule. Dakika 15 za upepo, kisha jua la mchana juu ya bati.

Likiwa bado na joto, mimina lita moja ya petroli iliyochanganywa na mililita 100 za oili ya tuu-stroki, uligeuze kila upande. Kama ni mashine ya foo-stroki, mwaga mchanganyiko huo kabla ya kujaza. Mabaki yatatoa moshi kidogo na kuisha.

Kupaka ndani dawa za kuziba matangi, mfano POR-15, kunastahili tu pale palipo na vitobo vidogo. Kwenye bati zima kunaleta hatari bila faida: ngozi ikipakwa juu ya mafuta au kutu iliyobaki inabanduka kipande kizima na kuziba koki, na kuitoa ni kazi kubwa kuliko kutoa kutu. Ukiamua, kausha siku mbili, na usipake siku ya mvua. Tundu kubwa ni la kulehemu, na fundi apewe tangi lililooshwa kwa sabuni ya moto mara kadhaa, likijazwa maji mpaka karibu na tundu. Tangi lililokaa wazi mwaka mzima bado limewahi kulipuka mikononi mwa mtu.

Rudisha koki na mpira mpya, badilisha gasketi ya kifuniko kama imekauka, weka chujio la plastiki lenye mwili angavu kati ya koki na kabureta, na ujaze tangi mpaka shingoni. Rangi ya kahawia kidogo kwenye chujio kwa kilomita 50 za kwanza ni ya kawaida. Ni masalia ya mishono. Badilisha chujio. La pili likiwa jekundu nalo, ng'oa tangi, liinamishe upande usio na koki, umwagie kwenye chupa angavu kupitia shingoni, na uangalie kama kuna maji yaliyotulia chini ya petroli.